Nilimsifu Caren Mpaka Akaficha Mkono Uliokufa Ganzi

Mpendwa mshauri, naomba msaada, lakini kwanza nijitambulishe usije ukadhani umeandikiwa na mtu wa kawaida. Mimi ni Oyugi, mkata vitambaa mkuu kwenye karakana moja ya sare za shule hapa Kisumu, na ukimwona mtoto yeyote kuanzia Kondele mpaka Asembo Bay amevaa kaptura iliyomkaa sawasawa, jua hiyo kaptura ilipita kwanza chini ya mkasi wangu. Shule niliachia kidato cha pili, karo ndiyo iliyokataa, kichwa hakikukataa, na tangu hapo dunia imenisomesha yenyewe: nimefika Kampala, nimefika Mwanza, Dubai nimelinda mlango wa duka la dhahabu na nikarudi nyumbani mikono mitupu lakini na heshima yangu yote, na mke wangu husema hata nikinyamaza nasikika. Basi mtu kama huyo akikuandikia anaomba msaada, mshauri, tafadhali kaa chini.

Shida yangu ni kwamba nimefanikiwa kupita kiasi.

Karakana yetu ilianzishwa na Mzee Baldev, ambaye siku hizi hafanyi kazi lakini hajui kukaa nyumbani, anakuja kila asubuhi na koti lake la kijivu anakaa kwenye kiti mlangoni, anakagua mipindo ya sketi zinazotoka, akikuta uzi umelegea anaguna tu na huo mguno unatosha kukuharibia chakula cha mchana. Anayeendesha kazi sasa ni binti yake, Bi. Navneet, mama mwerevu, Kiswahili chake kinapita changu. Msimu uliopita wa kufungua shule ulikuwa mbaya sana, watu walishona mpaka macho yakawa mekundu, wengine wakaacha kazi bila kuaga, na Obonyo wetu wa pasi alilala amesimama, pasi ikapita kwenye sketi ikaendelea mpaka kwenye kidole. Bi. Navneet akaona hapana, hapa tutazika mtu, akamwita kocha wa mambo ya kazi, Bi. Naswa, aje atuongoze namna ya kufanya kazi bila kumalizika.

Huyo Bi. Naswa ni mtu mzuri, sitaki umfikirie vibaya. Alitukusanya asubuhi, mashine zimezimwa, akasema kwa upole, "Kila mtu aseme jambo moja tu linalomlemea hapa kazini."

Kimya, mshauri. Kimya cha kanisani wakati mchungaji ameuliza nani atafua mapazia.

Hebu fikiria mwenyewe, bosi ameketi pale, Mzee Baldev yuko mlangoni, wafanyakazi wote wananitazama, halafu mimi mtu mzima mwenye watoto nisimame niseme nimelemewa? Sisi watu wa ziwa mtu hasimami mbele za watu kujishusha, anasimama kujipandisha! Hata kwenye harusi na matanga yetu tuna ile pakruok, unasimamisha muziki, unatoa kitu kidogo, unajisifu au unamsifu rafiki yako mpaka watu wapige vigelegele, halafu muziki unaendelea na wewe unakaa chini ukiwa mrefu zaidi. Ndiyo nikamwonea huruma yule mama, nikaokota kifungo kilichoanguka sakafuni, nikakitupa ndani ya mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia, kikalia nge! nikapaza sauti.

"Simamisha mashine!"

"Zimesimama, Oyugi," Caren akasema. Watu wakacheka.

"Mimi ndiye Oyugi! Mkasi uliokata kitambaa mpaka kivuli chake kikagawanyika! Mimi ndiye futi, na futi zingine huja kwangu kujipima! Ukiniona Kondele piga honi, ukinikosa piga simu!"

Yawa! Karakana ililipuka. Obonyo akatafuta kifungo naye akajisifu kwa kile kidole chake kilichoungua, akasema yeye ndiye mwanamume aliyepigwa pasi akatoka bila kunyanzi. Bi. Naswa alicheka mpaka akavua miwani. Na mimi, mkono wa kutoa ukiwa umeshazoea, nikatupa kifungo cha pili nikamgeukia Caren, maana ndiye fundi wetu wa sketi za marinda, sketi zile ngumu ambazo wengine wakizishona zinafanana na mwavuli uliopigwa na upepo.

"Na huyu mnayemwona ndiye Stima Isiyopotea! Mji wote giza, yeye anawaka! Nyar Asembo, binti wa ziwa! Mashine yake ikipumzika, ujue ni mashine iliyoomba ruhusa, si yeye!"

Caren alifunika uso kwa kitambaa kwa aibu ya furaha, na jina likashika siku hiyo hiyo.

Tangu hapo kila asubuhi kabla ya kazi tunatupa vifungo. Mshauri, nikuambie ukweli, hiyo karakana imefufuka. Watu wanafika mapema wasipitwe. Mama wa kushona kola ambaye hakuwahi kutoa sauti sasa anaitwa Shingo ya Wakuu wa Shule na anatembea kama amebeba mtungi. Kazi inatoka safi, Mzee Baldev haguni tena, na Bi. Navneet anawaambia wenzake wenye viwanda kwamba ana fundi mkasi ambaye ni dawa. Dawa ni mimi. Bi. Naswa mwenyewe siku ile ya kwanza aliniambia langoni, "Bwana Oyugi, umenifundisha kitu leo. Ila tafuta na mahali pa mtu kusema amechoka." Nikamjibu, "Mwalimu, hapa hakuna anayechoka!" nikacheka sana. Yeye alicheka kidogo.

Sasa shika moyo. Bi. Navneet anafungua karakana ya pili, na ameniambia anataka niwe kocha wa wafanyakazi wa pande zote mbili, mimi wa kidato cha pili, na meza yangu, na jina langu mlangoni. Atatangaza Ijumaa kwenye sherehe ya kufunga mwaka, na walimu wakuu wa shule tunazoshonea wamealikwa. Na mimi kwa furaha, mdomo ukitangulia kichwa kama kawaida yake, nikamwambia mbele ya watu wote, "Bosi, siku hiyo hatuhitaji hotuba. Caren atakaa kwenye mashine, na kabla wageni hawajamaliza kula sketi nzima ya marinda itakuwa imekamilika, wataishika kwa mikono yao!" Watu wakapiga makofi. Caren naye akapiga makofi, lakini sasa nikikumbuka alipiga kwa kugonga paja kwa mkono wa kushoto.

Juzi wakati wa chai nilikuwa nawasimulia habari za Dubai, Caren amekaa mbele yangu anacheka, ameshika kipande cha kitambaa kilichojaa pini. Nikaona pini imesimama kwenye kidole chake, kidole cha kwanza cha mkono wa kulia, imeingia, imesimama wima kama nguzo, damu imeanza kutoka, na yeye anaendelea kucheka. Hakuisikia, mshauri. Hadithi ilinikatikia mdomoni.

Alipoinuka kurudisha kile kitambaa, nikamfuata nyuma ya marobota ya vitambaa.

"Caren, kidole."

Akatazama, akaichomoa upesi akaweka mkono mfukoni. "Umeona nini?"

"Nimeona pini."

"Basi umeona pini. Hapa ni kwa washonaji, ulitaka uone samaki?"

"Tangu lini?"

Akachungulia nje ya marobota kama kuna mtu. Halafu akasema tangu mvua zile za mwanzo, vidole vinakufa ganzi, kikombe kinamwanguka, uzi anautia kwenye sindano kwa msaada wa meno, na akifika kwake Obunga jioni binti yake ndiye anayemfungia vifungo vya nguo.

"Kwa nini hukwenda hospitali?"

"Nikawaambie nini? Stima imepotea?" Akacheka, na macho hayakucheka naye. "Oyugi, wewe ndiye uliyeniita hivyo. Mama yangu ananiita hivyo sokoni kule Asembo Bay, anajisifu kwa wateja. Watoto wangu wananiita hivyo. Hata muuza mboga ananipunguzia bei kwa hilo jina. Sasa nisimame mbele ya nani niseme nimezima? Ijumaa nitashona. Ikiisha Ijumaa tutaona."

Akaniapisha nisimwambie mtu. Nami nikaapa, mkono juu ya robota la kitambaa.

Nikisema, nimevunja kiapo na nimemvua nguo mbele ya watu, na ile sifa yote tuliyoijenga itaanguka, na meza yangu pamoja nayo. Nikinyamaza, Ijumaa atakaa kwenye mashine kwa sababu ya mdomo wangu, na pengine huo mkono hautarudi. Na kwa kuwa nimekwisha kufungua mdomo, nimalizie: mimi mwenyewe kidole gumba changu cha mkasi kimevimba, nakifunga kitambaa chekundu, na watu wakiuliza nawaambia ni mtindo wa Dubai. Obonyo ameshaanza kuvaa cha kwake.

Nifanye nini, mshauri? Hii barua usiichapishe kwanza mpaka nikuambie.

Ni mimi Oyugi, Mkasi wa Ziwa Lote.


JIBU LA MSHAURI

Bwana Oyugi, nimekaa chini kama ulivyoniomba. Sasa na wewe kaa, na ufunge mdomo kidogo.

Pole. Nakwambia pole kwanza kwa sababu barua yako ina moyo mkubwa, na watu wenye moyo mkubwa wakikosea huumia mara mbili. Lakini pole imeishia hapo. Dubai ulilinda duka zima la dhahabu, Kisumu umeshindwa kulinda mkono mmoja uliokuwa mbele ya macho yako kila asubuhi.

Tusiisingizie pakruok. Umewapa watu sababu ya kuamka, na Shingo ya Wakuu wa Shule asinyang'anywe jina lake kamwe. Kosa lako ni dogo na lina madhara makubwa: hukumsifu Caren kwa marinda, ambayo ni kazi yake na anaijua. Ulimsifu kwa kutochoka. Hakuna mwenye mwili anayeweza kuishi ndani ya sifa hiyo. Ulimjengea nyumba nzuri isiyo na mahali pa kulala, kisha unashangaa amesimama tu.

Na Bi. Naswa alikuambia. Langoni, kwa maneno ya wazi. Yule amesomea kazi hiyo, wewe ukaona ni nafasi ya kuchekesha.

Kuhusu kiapo, uliapa usimwambie mtu na umeshaniambia mimi, kwa hiyo tusijifanye watakatifu. Ila kwa bosi usiende bila Caren. Mkono ni wake, habari ni yake. Nenda kwake leo, ukimaliza kusoma hapa, na usianze kwa mzaha. Mwambie hivi: "Jina nililokupa ni kubwa mno kwa mtu yeyote, hata kwangu." Kisha mfungulie hicho kitambaa chekundu aone kidole chako. Akikuuliza ataficha wapi uso, mkumbushe kitu anachokijua kila mtu wa Kisumu: fundi wa stima akitaka kupanda nguzo, kwanza anazima. Mtaa unakaa giza kidogo, na hakuna anayesema hiyo stima ilikuwa ya uongo. Asiyezima ndiye anayezikwa.

Halafu mpeleke hospitali. Usimwambie aende, mpeleke. Vidole visivyosikia pini si jambo la kusubiri Ijumaa, na mtu aliyeumia kwa kazi ana haki ya kutibiwa, hiyo si hisani ya bosi. Mwende wote wawili kwa Bi. Navneet. Mwanamke aliyetafuta kocha kwa sababu watu wake wanachoka hatamfukuza mtu kwa kuchoka, na akifanya hivyo niandikie tena, jibu langu la pili litakuwa la aina nyingine.

Ahadi ya Ijumaa si ya Caren, ni yako. Mdomo ulioitoa ndio utakaoirudisha, mbele ya wale wale walioisikia.

Na kesho asubuhi simamisha mashine. Tupa kifungo chako kama kawaida, panda juu kama kawaida, kisha vua huo mtindo wako wa Dubai na useme kidole kinauma. Wewe kwanza. Wewe ndiye uliyewafundisha kusimama wakiwa warefu, kwa hiyo wewe ndiye pekee unayeweza kuwaonyesha kwamba mtu anaweza kusema ameumia na bado akabaki mrefu. Tangu siku hiyo weka kanuni: kujisifu kunalipiwa kifungo, kusema umechoka ni bure.

Kazi ya ukocha ichukue. Umeshtuka? Ichukue, lakini pamoja na Bi. Naswa, na ukae karibu naye usikilize. Mwombe bosi wako watu wabadilishane mashine, asiwepo mtu wa kushona marinda kutoka asubuhi mpaka jioni, na mapumziko ya mchana yawe mapumziko, si wakati wa kuhesabu vifungo. Jina mlangoni litakaa vizuri zaidi ukiwa umelala usingizi wa kutosha.

Sasa simama uende kwa Caren. Chai yako iache, itapoa tu.

Sylvia Opondo, mshauri wenu.


Jibu hilo nilimtumia Oyugi kwa simu siku ile ile, na barua yake nikaifungia mezani. Naichapisha sasa kwa sababu Caren mwenyewe amenipigia, akasema nichapishe yote na jina lake nisiliguse, ila la Oyugi nilipunguze ukubwa. Nimejaribu, nimeshindwa. Hii hapa barua yake ya pili.


Mpendwa mshauri, huyu ni yule yule Oyugi, lakini toleo jipya.

Nilikwenda kwa Caren siku hiyo hiyo, chai niliiacha kweli na mtu akaninywea. Nikamwambia ile sentensi yako kama ulivyoiandika, bila kuiongezea chumvi, na ilikuwa ngumu kuliko kubeba robota. Nikafungua kitambaa. Akakitazama kidole changu muda mrefu, akasema, "Kumbe Dubai ni hapa." Halafu akalia, halafu akanitukana kwa Kijaluo maneno ambayo gazeti lako haliwezi kuyabeba, halafu akasema kesho twende hospitali.

Asubuhi yake nikatupa kifungo. Nge! "Simamisha mashine!" Watu wakajiandaa kucheka. Nikasema, "Mimi ndiye Oyugi, mkasi uliokata kitambaa mpaka kivuli kikagawanyika, na huu mkasi umechoka. Kidole kinaniuma, silali vizuri, na nilikuwa nawadanganya. Tangu leo kujisifu kunalipiwa kifungo, kusema umechoka ni bure." Nikakiinua. Hakuna aliyecheka, mshauri, na mimi bila kicheko ni kama samaki barabarani, nikadhani nimekwisha. Obonyo akaanza taratibu kujifungua kitambaa chake chekundu.

Caren akasimama. Akainua mkono wa kulia wote wauone. "Huu mkono hausikii," akasema. "Leo naenda hospitali. Mwenye neno aseme sasa hivi, mashine zimezimwa."

Mama wa kola akasema, "Mgongo wangu." Mwingine akasema macho. Mwingine akasema yeye amechoka na Oyugi, hapo ndipo wakacheka kidogo. Na wakati huo nikasikia kiti cha mlangoni kinalia. Mzee Baldev amesimama. Anajipapasa mifuko ya koti anatafuta kifungo.

Caren akamwambia, "Mzee, hiyo ni bure."

"Ni bure?" Akatutazama wote, halafu akamtazama binti yake. "Basi nimechoka." Akakaa. Bi. Navneet alimwendea akashika bega la baba yake, na sitakuambia nani alilia hapo kwa sababu orodha ni ndefu na mimi nipo juu.

Daktari alisema mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono, akamfunga kifaa cha kuutuliza, akasema apumzike na tumeuwahi. Mshauri, hilo neno, tumeuwahi, nimeliimba njia nzima mpaka mwenye pikipiki akaniuliza kama tumeshinda kesi. Bi. Navneet alilipia matibabu kabla hatujamaliza kueleza. Caren sasa hashoni, anafundisha wafanyakazi wapya wa karakana ya pili, na mshahara wake haujaguswa.

Ijumaa je? Walimu wakuu wamekuja, wali na kuku na samaki viko mezani, mashine imewekwa katikati kama bibi harusi. Nikasimama nikasema, "Wageni wetu, niliahidi kwamba Stima Isiyopotea atawashonea sketi. Niliahidi kwa niaba yake bila kumwuliza. Leo stima imezimwa, fundi yuko juu ya nguzo. Lakini ahadi ni yangu na nitailipa." Nikakaa kwenye mashine mwenyewe. Mimi! Mtu wa mkasi, ambaye mara ya mwisho kushona nilishona suruali ya mjomba ikafungwa miguu yote miwili pamoja.

Caren akasimama nyuma yangu mkono umefungwa, ananiongoza. "Polepole, bwana. Hilo ni rinda, si mfereji. Geuza. Geuza! Oyugi, kitambaa hakijakukosea!" Mwalimu mkuu mmoja alicheka mpaka samaki akabaki njiani. Wageni walikula, wakamaliza, wakaongezewa, wakamaliza tena, na mimi bado niko kwenye mkanda wa kiuno wa ile sketi. Mwishowe nikaitoa. Upande mmoja ulikuwa unakwenda Busia na mwingine Nairobi. Mzee Baldev akaichukua, akageuza mpindo, akaguna ule mguno wake.

"Hii ni ya shule gani?"

"Mzee," Caren akajibu, "ni ya shule ambayo bado haijajengwa."

Ukumbi ulianguka kwa kicheko, mshauri. Na katika hizo kelele Mzee Baldev akashika kifungo cha katikati cha koti lake la kijivu, akakinyofoa uzi na vyote, akakitupa ndani ya mkebe. Nge! Mtu mzima yule, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kusimamisha mashine kwa hiari yake. "Simamisha muziki," akasema, na muziki ukasimama. "Huyu ndiye Caren. Nimekagua sketi zake miaka yote, sikupata kosa, na sikumwambia. Leo namwambia. Huyu ndiye anayejua kuwaka na anayejua kuzima." Vigelegele vilifika ziwani, na mama yake Caren, aliyetoka Asembo Bay na kapu la samaki begani, alikuwa wa kwanza kupiga na wa mwisho kunyamaza.

Ukocha nimechukua. Bi. Naswa anakuja, tunakaa wote wawili mbele ya watu, yeye anauliza na mimi najifunza kunyamaza, kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya nchi zote nilizofika. Kidole kimepungua. Watu wanabadilishana mashine, na saa ya mchana tunalala juu ya vitambaa kama watoto wa chekechea. Mkebe wa vifungo umejaa, na hata yale ya bure yanasemwa.

Lakini habari kubwa ni ya jana. Caren alikuwa anawaonyesha wafanyakazi wapya namna ya kubana rinda, mara tukasikia, "Uwi!" Pini imemchoma kidole cha kwanza, mkono wa kulia. Akakitazama kidole, akatutazama. "Imeniuma," akasema. "Jamani, imeniuma!" Karakana nzima ikasimama ikampigia makofi, wale wapya hawakuelewa wameajiriwa mahali gani. Mzee Baldev naye akaja kutoka mlangoni na koti lake likiwa wazi, maana tangu Ijumaa ile anatembea nalo Kisumu nzima bila kifungo cha katikati, amekataa mtu yeyote asimshonee isipokuwa Caren.

"Sasa na kifungo changu?" akauliza.

Caren akafungua na kufunga vidole vyake, taratibu. "Bado, Mzee," akamwambia. "Mkono ukipona nitakushonea mwenyewe. Nenda ukakae, usubiri zamu yako."

Na Mzee akarudi kwenye kiti chake akasubiri.